Siku Niliyompa Tata Chumba cha Chini

Watu wa kwetu Ekerenyo wakitaka kunimaliza hawanitukani. Wananiuliza tu, kwa sauti ya upole kabisa, "Momanyi, Kampala kukoje?" halafu wanaangalia juu kwa dari kama mtu anayesikiliza panya. Basi kila mtu anacheka mpaka chai inamwagika (wale wanaokunywa chai, maana sisi Wasabato tunaipanda tu, tunawaachia nyinyi mnywe), na mimi nabaki hapo nikiangalia viatu vyangu. Nimechoka. Nimeona heri niandike mwenyewe mara moja, yote, vile ilikuwa, ili mtu akiniuliza tena nimpe karatasi asome, aniache nikalale.

Ndugu yangu mkubwa, Ondieki, alikuwa karani wa reli huko Kampala. Hiyo ilikuwa miaka ya sitini, mpaka bado ulikuwa laini, mtu wa Kenya anapanda basi anaingia Uganda kama anaenda soko ya Keumbu kununua viazi. Huko ndiko alimpeleka Kerubo, msichana aliyemwoa. Tata alikuwa anasema (Tata ni baba, sisi ndivyo tunamwita) kwamba Ondieki "alichukua mtoto wa watu", na kweli alimpandisha gari kutoka kwao Birongo kabla hata ng'ombe mmoja wa mahari hajatoka kwa boma letu, na Tata ni mzee wa kanisa, akabaki anakutana na baba ya Kerubo sokoni na hana pa kuweka macho. Ng'ombe walitoka baadaye, wote, mimi mwenyewe nilisaidia kuwaswaga mpaka Birongo na mmoja akanikanyaga. Lakini Tata hakumsamehe. Hakugomba, hakulaani, alinyamaza tu, na hakumwonyesha Ondieki mahali pa kujenga. Kwetu hiyo ndiyo adhabu. Kijana ameoa na babake hajamwonyesha mahali pa kujenga, huyo akija nyumbani ni mgeni kama wageni wengine, mke wake hana jiko, na mtoto wao akizaliwa watu wataulizana, huyu ni wa wapi? Na Kerubo tayari alikuwa na mimba kubwa.

Mama ndiye alitengeneza ile safari. Hakumwambia Tata twende kwa Ondieki, angekataa. Alianza tu kuongea habari ya Kampala akimenya ndizi, kwamba huo mji ulikuwa makao ya wafalme tangu zamani kabla Mzungu hajakanyaga huku, na kwamba makaburi yao yako ndani ya nyumba moja ya nyasi, kubwa kuliko kanisa letu. Tata anapenda sana habari za wafalme, wa Biblia na wengine wote. Siku moja akaweka jembe chini akasema, "Nitaenda kuona makaburi ya wafalme. Siendi kuona mtu."

Mama akasema, "Na nani amesema mtu?"

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko tu nyumbani nikingojea kazi, najua Kiswahili, najua Kiingereza, naandika dayari kila jioni (mambo ya mvua na ng'ombe, hakuna kingine cha kuandika), basi mimi ndiye nilichaguliwa kuwapeleka.

Sasa kulala. Tata hangeweza kulala kwa Ondieki, na sio kwa sababu ya ule ugomvi. Hata wangekuwa wanapendana namna gani, kwetu baba haingii nyumba ambayo mwanawe anaishi na mke wake. Anasimama nje, anaita, anapewa kiti uani. Kitanda cha mwana na mke wake ni kitu baba hakioni, hakisikii, hakikaribii, hata kukitaja hatukitaji. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na hakuna mtu alinifundisha, ilikuja tu na maziwa ya mama. Kwa hivyo ilibidi wazee walale kwa hoteli. Ondieki akaniandikia kwamba nyuma ya soko kuna mama mmoja Mganda ana vyumba vya wageni, vyote vya chini, vimezunguka uwanja, kila kimoja na mlango wake, niwapeleke hapo, na yeye na Kerubo watakuja jioni kutoka kazini walale hapo hapo karibu nao, kwa sababu reli iliwapa chumba kimoja tu huko mbali, halafu kesho asubuhi watoke na Tata mapema kwenda makaburini. Hakueleza kwa nini vyumba viwe vya chini na milango iwe mbalimbali. Nani anamweleza Mgusii kitu kama hicho?

Basi lilitufikisha saa sita mchana, jua kali, magoti ya Mama yamevimba. Tukapata hiyo nyumba ya mama Mganda. Kulikuwa na kuku uwanjani, jivu, nguo za mtoto kwa kamba, na moshi wa matoke unatoka kila mahali. Mama akaketi kwa kizingiti akanyoosha miguu. "Hapa panatosha, mwanangu. Ona, ni kama nyumbani."

Hilo neno ndilo liliniharibu. Kama nyumbani! Mimi nimeota Kampala mwezi mzima, halafu nifike niambiwe ni kama Ekerenyo? Na pale pale, ng'ambo ya barabara, niliona ghorofa. Nyeupe, imebebana mara tatu, na madirisha ya kioo, na roshani ya chuma, na mtu amevaa koti anasimama mlangoni. Sijawahi kulala kwa ghorofa. Nilisema (nasikia bado sauti yangu, nataka kuipiga kofi), "Tata, tutoke kwetu mpaka mji wa wafalme tuje kulala na kuku? Kuku si tunao?"

Tata alikuwa amechoka pia. Alitazama ile ghorofa, akanitazama mimi, akasema, "Haya, tangulia."

Nikamwambia yule mama Mganda Ondieki akija amwelekeze ng'ambo, nikabeba mizigo, nikatangulia kifua mbele.

Karani wa hoteli alikuwa kijana wa tai nyekundu, mpole, anaita kila mwanamume ssebo. Alisema amebakisha vyumba vitatu, kimoja chini na viwili juu, na akaniuliza nani alale wapi. Nikasema bila kufikiri hata pumzi moja, "Wazazi wangu chini. Ndugu yangu na mke wake juu. Na mimi juu." Sababu ilikuwa magoti ya Mama. Nilijiona nina akili sana, nikajiona mtoto mwema, kwa kuwa si kila kijana anakumbuka magoti ya mama yake akiwa mjini. Karani akaniuliza mara ya pili, "Una hakika, ssebo?" Nikamwambia watu hawa ni wangu, mimi ndiye nawajua.

Saa kumi Ondieki akaja na Kerubo, amebeba mkoba, tumbo mbele, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Walisimama pale mapokezi, mbali kidogo na Tata, vile inatakiwa. Kerubo aliangalia chini akasalimu, na Tata akaitikia. Ondieki akasalimu, na Tata akaitikia. Mama alikuwa ameshika mkono wangu, kucha zimeingia.

Tata akakohoa. Akaambia ukuta, maana hakumwangalia mtu, "Na huyo mama amesimama kwa nini na hali yake ile? Si aende apumzike."

Jamani, nyinyi hamuwezi kujua hilo neno lilikuwa kubwa namna gani. Miaka miwili hajasema kitu kuhusu Kerubo, na sasa anamwambia apumzike! Mama alifuta macho na kona ya leso. Ondieki akachukua mkoba haraka, kama mtu anayeogopa lile neno lisirudishwe, wakapanda ngazi. Tata na Mama wakaingia chumbani kwao, Tata akavua viatu, akaweka kofia kwa kiti, akalala chali kupumzisha mgongo. Mimi nikasimama mlangoni nikitabasamu.

Ilianza na viatu. Tak, tak, tak, juu ya dari. Sakafu ya huko juu ilikuwa ya mbao, na hiyo sikujua, nani angejua, nyumba zetu ziko chini kwa udongo. Halafu kiatu kimoja kikaanguka, pa! Halafu cha pili. Halafu Kerubo akacheka, kile kicheko cha mtu ambaye alikuwa na hofu siku nyingi na sasa imemtoka, na Ondieki akasema kitu hatukusikia vizuri (ashukuriwe Mungu). Halafu, pole pole, kama mlango wa ghala, kitanda kikalia. Kriiiii. Na vumbi kidogo likashuka kutoka dari, likatua kwa shati ya Tata, hapa kifuani.

Tata aliketi. Hakufuta lile vumbi. "Momanyi," akasema. "Nani yuko juu?"

"Ondieki, Tata."

"Juu ya wapi?"

Nikataka kusema juu ya hoteli. Nikataka kusema juu, tu. Lakini kitanda kikalia tena, na hakukuwa na haja ya kujibu.

Tata alisimama miguu mitupu, akachukua kofia, hakuivaa, akatoka. Na mimi nikabaki nimeganda, kwa sababu ndio sasa nilikuwa naelewa. Ningemjengea Ondieki nyumba hatua kumi kutoka kwa mlango wa Tata watu wangesema nimerogwa. Sasa nilikuwa nimefanya zaidi ya hapo, nilikuwa nimechukua kitanda cha mtoto wake na mke wake nikakiweka juu ya kichwa chake, nikaongeza na funguo. Kichwani mwangu ghorofa ilikuwa nyumba nyingi zimebebana. Nilisahau kwamba chini na juu ni nyumba moja, ubao mmoja tu katikati.

Mama alikuwa amefunika mdomo. "Mwanangu, umetufanya nini?"

"Tubadilishane," nikasema, "nyinyi mpande, wao washuke."

"Kerubo alale kitanda ambacho baba mkwe ameshalalia? Na Tata akalale pale Kerubo amelala?"

"Basi mchukue changu."

"Chako kiko wapi?"

Chumba changu kilikuwa kimepakana na cha Ondieki, na katikati kulikuwa na mbao kama za sanduku la sabuni. Nikatoka kumfuata Tata.

Huko mapokezi Tata alikuwa amesimama katikati ya watu, miguu mitupu, kofia mkononi, uso kama amefiwa. Kulikuwa na wageni wengine, mfanyabiashara mmoja mnene wa samaki kavu kutoka Jinja, na bibi mmoja Mganda amekaa na kikapu. Wote wanamwangalia. Yule karani wa tai nyekundu akanijia mbio. "Ssebo, kuna nini? Mzee ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Chumba ni kibaya?"

Sasa niambieni, ningejibu nini? Nimwambie mtu wa tai, mbele ya watu, kwamba baba yangu ametoka kwa sababu kitanda cha kaka yangu kimelia? Maneno hayo hata kwa Ekegusii hayasemeki, nitayasema kwa Kiswahili? Karani akainama sikioni, akashusha sauti. "Ni kunguni?"

Nikasema, "Ndiyo."

Nilikuwa na haraka. Nilitaka hayo mambo yaishe, nilifikiri akisikia kunguni atatupa vyumba vingine kimya kimya na heshima itabaki. "Bambi, pole sana," akasema, "wako wapi?" Na mkono wangu, wenyewe, sikuutuma, ukaonyesha juu, kwa sababu shida yote kwa kweli ilikuwa juu.

Yule wa Jinja alikuwa na masikio kama ya sungura. "Kunguni? Nilijua! Nilijua! Tangu juzi najikuna nafikiri ni samaki!" Akapanda ngazi mbio, na mwili wake ule, na kabla hatujapumua godoro lake likapita roshani likaanguka barabarani. Mwalimu mmoja akatoka chumbani kwake na taulo akauliza kama ni moto. Aliposikia kunguni na yeye akarudi kuchukua godoro. Madirisha yakafunguka. Mashuka yakaning'inia. Watu wa sokoni wakaanza kukusanyika kuangalia, na kila godoro likianguka wanashangilia kama bao. Tata alikuwa ameshatoka, amekaa kwa benchi ya nje karibu na mlango, na magodoro yanaanguka kulia na kushoto kwake na yeye hageuki.

Karani akachukua dawa ya kupulizia akapanda moja kwa moja, wapi? Kwa chumba nilichoonyesha. Nikamsikia akibisha. "Nyabo, samahani, tokeni tupige dawa. Wazee wenu wa chini wamelalamika, wanasema chumba hiki kina kunguni."

Halafu hatua zikashuka ngazi, pole pole, za mtu mzito. Kerubo alikuwa amefunga mkoba. Viatu alivishika mkononi. Alikuja mpaka mbele yangu akasema kwa Ekegusii, na nilitamani angepiga kelele lakini alisema taratibu:

"Shemeji, ni nyinyi mmesema nimekuja na kunguni?"

"Kerubo, sikiliza..."

"Nimefua wiki nzima. Kila nguo. Hata mkoba huu niliufua, nikauanika, kwa sababu niliambiwa mnakuja. Kama hamnitaki semeni hamnitaki, nitasikia. Msiseme mimi ni mchafu. Huyu mtoto atazaliwa popote, ataitwa wa popote, mimi nitamlea."

Mama alitaka kumshika, akakwepa. Ondieki alikuwa nyuma yake, uso umekuwa mweusi. Alinishika hapa kwa kola. "Momanyi. Ulisema au hukusema?"

Niliona kila kitu kinaenda. Lile neno moja la Tata lilikuwa linarudishwa mbele ya macho yangu, na mimi ndiye nalirudisha. Kerubo akitoka mlango ule na huo mkoba, hatarudi, na Ondieki atamfuata, na Tata atapanda basi, na sijui kama kuna makaburi ya wafalme mengine ambayo Mama angeweza kutumia.

Basi nikasema kwa Kiswahili, kwa nguvu, ili karani asikie na wa Jinja asikie na mwalimu wa taulo asikie, maana nilikuwa nimechoka, nataka kusema mara moja tu. "Hakuna kunguni! Nimedanganya. Kwetu baba halali nyumba moja na mwanawe aliyeoa. Mimi nimemweka baba chini na ndugu yangu na mke wake juu yake, juu kabisa, na kitanda kimelia, na baba amesikia. Ndiyo hiyo. Kunguni hakuna. Ni mimi."

Wa Jinja alikuwa kwa ngazi amekumbatia mto. "Subiri kwanza. Godoro langu liko barabarani kwa sababu ya kitanda cha nani?"

Watu walicheka mpaka nje. Yule bibi wa kikapu peke yake hakucheka. "Mnacheka nini?" akawaambia. "Mimi na mume wa binti yangu hatupiti mlango mmoja. Tukikutana njiani mmoja anaingia shambani. Heshima ya mkwe mnaicheka?" Akamgeukia karani. "Na wewe, hukuwauliza ni nani na nani?"

"Nilimuuliza mara mbili, jajja," karani akasema. "Alisema yeye ndiye anawajua."

Kerubo naye alikuwa ameketi kwa ngazi ya mwisho. Hasira ilikuwa imemtoka, mahali pake kumeingia kitu kibaya zaidi. Alivuta kitambaa akafunika uso wote. "Nyasae wangu, Mungu wangu. Mzee alikuwa hapo chini? Alisikia?"

"Kidogo tu," nikasema.

Mama alinipiga kofi ya mgongo, mbele ya watu, mimi mtu wa kidato cha nne. Nilikamata fremu ya mlango nisianguke, na wale wa sokoni wakashangilia kama ni godoro lingine.

Ndipo sauti ikatoka kwa benchi ya nje. "Ondieki."

Si "huyo mtu". Jina. Ondieki alitoka akasimama mbali, mikono nyuma, kama akiwa mtoto. Mimi nilikuwa mlangoni kwa hivyo nilisikia yote.

"Tata, utusamehe," Ondieki akasema.

Tata alikuwa anasukuma godoro na kidole cha mguu, pole pole. "Mtu akiwa na nyumba yake," akasema, "halali juu ya baba yake."

"Ndiyo, Tata."

"Wewe huna nyumba. Ndiyo maana unalala juu yangu. Na nyumba huna kwa sababu mimi sikukuonyesha mahali. Sasa Mungu amenionyesha matokeo, amenirushia vumbi kifuani." Akasukuma godoro tena. Nafikiri alikuwa anatafuta namna ya kusema bila kusema. "Ukipata likizo, uje. Kule kwa mteremko, upande wa mto, migomba ile ni mizee, nitaing'oa. Uje na mama huyo. Mtoto asizaliwe kabla ya paa."

Tata akavaa kofia. Halafu akaulizwa na Mama, "Na huyu Momanyi?"

"Magodoro," Tata akasema.

Mimi ndiye nilirudisha magodoro. Yote. Ghorofa tatu. Wa Jinja alisimama juu akinielekeza, "Hilo si langu, langu lina doa," na karani wa tai hakuniita ssebo tena. Jua lilizama bado nabeba, na mabega yangu yakajua vizuri sana kila ngazi ya ile nyumba niliyoitamani. Kwa mama Mganda chumba kimebaki kimoja, wazee wakapewa. Ondieki na Kerubo wakarudi kwao reli. Mimi mama yule alinihurumia, akanitandikia gunia jikoni, na kuku watatu.

Kesho yake tuliona makaburi. Nyumba ile ya nyasi kweli ni kubwa kuliko kanisa letu, unavua viatu, unaketi chini kwa mkeka, unanyamaza. Tata alimsikiliza mzee anayetuelezea mpaka mwisho, kisha akaniambia nimtafsirie swali moja tu: "Na watoto wa mfalme waliooa, walikuwa wanalala wapi?" Yule mzee akaonyesha kilima kingine kabisa, huko ng'ambo. Tata akatikisa kichwa, akanigeukia akaniangalia kwa muda mrefu. Kerubo, ambaye alikuwa ameketi upande wa wanawake, mabega yakaanza kumtingishika. Alikuwa anacheka ndani ya kitambaa. Nikaona basi, hata nikiwa kichekesho, heri huyu acheke.

Walikuja na likizo ya Ondieki. Tata aling'oa migomba mwenyewe, akapima kwa miguu, akasimama akatazama kutoka kwa mlango wake, akasogeza vigingi mbele kidogo, akasogeza tena, mpaka akaridhika hataona wala hatasikia. Vijana wa jirani walisimamisha nguzo, wanawake wakakanda udongo. Niliposema kwamba mlango ungekuwa mzuri ukielekea barabara, kila mtu aliacha kazi. Kerubo alikuwa ameketi kwa kivuli, mikono juu ya tumbo, akasema kwa heshima zote, "Shemeji, maji yamekwisha."

Nikachukua debe nikashuka mtoni. Nilichota siku zote za ujenzi, na sikuwahi tena kutoa maoni. Mtoto alizaliwa paa limeshawekwa, bado linanuka nyasi mbichi, na hakuna mtu ameuliza ni wa wapi. Kwa hivyo nyinyi mkitaka kwenda mji wowote, wa wafalme au wa nani, na mnatafuta mtu wa kuwachagulia mahali pa kulala, tafuteni mwingine. Mimi nitawabebea mizigo mpaka stendi, nitawaombea safari njema, na nitarudi nyumbani kuchota maji.